Baba Yako Hakufa Vitani

Mama,

Baba yako hakufa vitani.

Nimejaribu kuanza kwa salamu, nikaona najizungusha bure. Basi habari ndiyo hiyo. Toader, yule wa kwenye picha ya sebuleni, mwenye kofia ya jeshi na masikio yaliyochomoza chini yake, alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Miaka yote tuliyokaa pamoja hapa Edmonton, Kiingereza chako cha kuokoteza na changu cha mbiombio vilikutana jikoni tu, juu ya sufuria. Huko uliko sidhani kama mtu anahitaji mkalimani.

Ilianza na arobaini yako. Sikujua kwamba nanyi Waromania mna arobaini, nikafurahi kama nimekutana na mtu wa kwetu Taita barabarani. Nikapika ile ngano yenu tamu, mdogo wako Safta akinielekeza kwa simu kutoka kijijini, na mume wangu, Sorin wako, akitafsiri. Ikashikamana kama ugali. Watu wa kanisani waliila kwa adabu, na mmoja akaniomba kijiko kikubwa zaidi. Ungecheka mpaka ushike meza.

Siku hiyo hiyo Sorin akaanza habari ya jiwe la kaburi. Tulishaambiwa tusubiri udongo utulie kwanza, naye akasema tutumie muda huo kutafuta maneno ya kuchonga. Alitaka liandikwe jina lako, Ileana, na chini yake: binti wa Toader, askari aliyekufa vitani. Alitaka na mahali alipofia pia. Wewe siku zote ulimjibu kwamba ni huko mbali, kwenye theluji, ukageukia vyombo. Mwanao amekua hivyo, mjukuu wa askari asiye na kaburi, na tangu utoto alijivunia jambo hilo kuliko unavyojua. Akaandikia ofisi inayotunza kumbukumbu za jeshi kule Romania.

Mimi ndiye niliyemsukuma. Babu yangu alikuwa keya, askari wa Waingereza, wakampeleka Bama kupigana na Wajapani, na sisi wajukuu hatukuwahi kuambiwa lolote ila kwamba alirudi na koti zito na hasira za karibu. Nilitaka angalau mzee mmoja katika nyumba yetu ajulikane alikopita. Unakumbuka siku niliyokuambia kwamba babu yangu na baba yako walikuwa maadui? Jeshi lenu liliandamana na Wajerumani kwenda kupigana na Warusi, na babu alikuwa upande wa pili. Ulinitazama, ukanijazia bakuli supu, ukasema maadui nao wale kwanza.

Majibu yalikuja Jumamosi moja. Nilikuwa nimetoka shifti, hata viatu sijavua. Sorin aliyasoma amesimama kando ya friji, halafu akakaa sakafuni. Nilidhani ni moyo, Mama. Nilimshika mapigo kwanza ndipo nikamuuliza kuna nini.

Akanitafsiria polepole. Toader alitekwa kule kwenye mto Don, wakati wa baridi, pale jeshi lenu liliposambaratika. Akakaa Urusi kama mateka hadi miaka kadhaa baada ya vita kwisha. Akarudi. Akaishi katika mji ule wa viwanda vya mbao na kufia huko, kitandani, mzee wa watu, mwaka ambao Sorin alianza sekondari.

Mji ule, Mama. Sorin alitaja jina lake, kisha akalitaja tena. Akaniambia kwamba kila kiangazi, mlipokuwa mkipanda treni kwenda mji mkuu, ulikuwa unasimama dirishani kabla treni haijaingia kituo kile, na hukai mpaka kimepotea nyuma. Yeye mtoto alidhani unatafuta hewa. Wakati mwingine alikuwekea kiti asikipate mtu mwingine.

Tukampigia Safta. Safta ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alianza kwa kulia. Kisha akasema alifikiri umemwambia mwanao kabla ya kufa.

Akatueleza alivyoelezwa na mama yenu kabla naye hajafa. Kwamba Toader alifika langoni siku ya kuvuna mahindi. Kwamba mama yenu alikuwa ameshaambiwa mumewe amekufa, amelia, amevaa nguo nyeusi, kisha ameolewa na jirani mwema aliyekuwa akimlimia. Na yeye Safta alikuwa kifuani ananyonya. Wakaketi mezani watu wazima watatu. Wakala. Hakuna aliyepaza sauti. Alipomaliza kula, Toader akafuta kisu chake, akasema ataondoka, na majirani wakiuliza, waambiwe ni askari mwenzake aliyeleta habari za kifo.

Baba yako alileta habari za kifo chake mwenyewe, Mama. Akala chakula cha matanga yake. Nimekaa na wagonjwa wengi, nimesikia mengi yanayosemwa watu wakikaribia mwisho, lakini hili sijawahi kulisikia.

Sorin akamuuliza kama wewe uliwahi kujua. Safta akasema neno dogo tu, na Sorin hakulitafsiri. Nilimvuta shati mpaka akaniambia.

"Ileana ndiye aliyemsindikiza."

Ulikuwa na miaka saba au minane. Mama yenu alifunga mkate katika kitambaa, akakupa umpeleke mgeni hadi barabara kuu. Kwetu mgeni husindikizwa, na anayemsindikiza hurudi akiwa na maneno yake ya mwisho. Mlizungumza nini njiani? Safta anasema hukuwahi kueleza, ila ulirudi na kitambaa kitupu, na jioni ulitaja jina la mji ule mara moja, mama yenu akakuwekea kidole mdomoni. Jirani mwema alikuwa mume wake sasa. Safta alikuwa mtoto wa ndoa hiyo. Kijiji kizima kingesema nini?

Nikakumbuka mishumaa.

Unajua ninayosema. Kila Jumapili nilikupeleka kwa gari hadi kanisani, mimi Mwanglikana nisiyejua hata pa kusimama. Pale karibu na mlango kuna makarai mawili ya mchanga, la juu la walio hai, la chini la waliolala. Ulinifundisha mwenyewe. Ulikuwa unawasha wa Sorin, wa binti yetu Ana, wa kwangu, juu. Wa mumeo, wa mama yako, chini. Na wa Toader, kila Jumapili ya Mungu, juu. Nilidhani ni macho yako. Siku moja nikauchomoa taratibu niushushe, nikusaidie, ukanipiga mkono kama mtoto aliyeshika sukari.

"Acha. Mimi najua."

Lile "acha" la Kiswahili uliliokota kwangu, nilivyokuwa nikimwambia Ana. Nilicheka hadi kwenye gari. Nilimsimulia Sorin, naye akacheka. Mzee wa miaka zaidi ya mia, tukasema, bado anaombewa afya.

Kumbe hakuna aliyekuambia kwamba amekufa. Baba yako alipokufa, nani angekuandikia kutoka mji ule? Ungeulizia kwa jina lipi, kwa sababu gani, wakati kijijini jina la baba yako lilishasomwa pamoja na wafu? Ulimwacha hai barabarani, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kukuambia vingine, ukaendelea kumwashia juu. Miaka yote ile.

Nimekukasirikia, Mama. Nasema wazi, maana hukupenda watu wa kuzunguka. Treni ilikuwa inasimama. Kwa nini hukushuka? Hata mara moja, hata kwa kisingizio cha kununua maji? Nakuuliza nikiwa nakunja nguo, nikiwa kwenye basi. Halafu namwona mtoto yule na kidole cha mama yake mdomoni, na hasira inanyong'onyea, nabaki na uchungu tu.

Mwanao alilichukua vibaya zaidi. Aliitoa ile picha ukutani, akaiweka nyuma ya kochi, imeangalia ukuta. Akampigia fundi wa mawe, akamwambia aandike jina lako na mengine yasubiri. Kwangu alisema maneno machache, kwamba amedanganywa na mtu aliyempenda kuliko wote. Kanisani hakwenda. Wiki tatu nilienda peke yangu kuwasha mshumaa wako, nikauacha wa baba yako kwa sababu sikujua ni haki yangu kuugusa.

Jumapili iliyopita nilipowasha gari, akafungua mlango akaingia. Tukaenda pamoja hadi kanisani. Akanunua mishumaa, akawasha wako, akauchomeka chini. Halafu akawasha wa Toader. Akasimama nao mbele ya yale makarai, watu wakimpita. Nta ikamdondokea vidoleni, hakuitikisa. Kisha akauchomeka juu, kwa walio hai, pale pale ulipokuwa unauweka wewe.

Nikamnong'oneza kwamba babu yake amekufa, karatasi tunayo.

"Mama hajaambiwa," akasema.

Nikatoka nje nikalia karibu na gari, mimi ambaye kwenye mazishi yako niliwashikilia wengine.

Ndiyo maana nakuandikia, Mama. Picha imerudi ukutani. Jiwe litasema binti wa Toader, basi, bila vita. Na wewe sasa umeambiwa, na mtu wa nyumbani kwako, kama inavyostahili: baba yako alifariki mzee, kitandani, katika mji ambao ulikuwa unautazama dirishani.

Lala salama. Jumapili tutaushusha mshumaa wake, mimi na Sorin pamoja, tuuweke kando ya wako. Na kiangazi tutapanda treni ile. Tutashuka.

Mkweo,
Wakesho