Kinini Zako Zije ku Hospitali

Solange binti yangu,

Nimetangulia ku muji wa Baraka na pikipiki, nimuone muganga mwenye kukulalisha kesho na dawa ya usingizi mbele bakupasule ule uvimbe wa shingo. We kuja leo na shangazi yako saa munane. Uji iko ku mafiga. Fungia bata.

Kinini za kifafa ~~usimeze tena~~ meza kama kawaida mpaka muganga aseme. Asubuhi nilikukuta unazificha ndani ya chumvi, juu mama ya muchumba wako Darius atakuja kukulinda ku hospitali, ataziona, ndoa itakufa. Chumvi inatibisha kifafa tangu lini? Nilikupigia kelele, ukalia. Unisamehe. Lakini zilete na pakiti yake.

Marehemu mama yako alikunywa zilezile miaka kumi. Nyuma ya maziko, muganga mumoja akanieleza: zinafanya dawa ya kulegeza mwili iishe mbio. Ndiyo maana mama yako alijitikisa siku balimupasula, kisu kikiwa tumboni, damu ikakataa kusimama. Bale bakubwa ba hospitali ninabalaani mpaka leo. Nabaambia bantu wote kwamba habakutuuliza kitu.

Mutoto wangu, balituuliza. "Iko dawa anakunywa kila siku?" Mama yako akaniangalia. Ni mimi nilijibu hapana, juu niliona haya ya kifafa.

Baba yako