Kichaa wa Gunia

Shoga, usinipigie! Kitufe cha sauti kimeharibika, simu haizimiki mlio. Andika tu.

Nimejibanza chini ya daraja la mtoni na gunia langu la takataka. Mbele maji, nyuma ukuta.

Nilikuwa naokota uchafu kama kawaida yangu ya Jumamosi. Mara chupa ikanidondokea kichwani. Kichwani, shoga!

Juu nikamsikia wifi: "Mama, mbona unatupa mtoni?"

Mama mkwe akajibu, "Wewe nawe! Si kuna yule kichaa wa gunia? Ataiokota."

Kichaa wa gunia ni MIMI. Na nimeshaiokota!

Hawaondoki. Sasa anasema, "Ngoja nimpigie mkwe wangu aje atuchukue."

Mungu wangu.

Simu yangu imelia, shoga. Mama mkwe anachungulia, na chupa yake ninayo mkononi.