Mke Mwenza wa Kiswere

Rondo, 6 Agosti 2023

Kwa mke mwenzangu Debora,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Anthony, mumeo wa bandia, naye mzima. Mume wetu wa kweli, babu yako Klementi, hajambo. Juzi kanyoa ndevu. Nikamuuliza unanyolea nani, akasema namnyolea mke mdogo aliye pwani. Nikamnyima chai. Ukimtaka njoo umchukue mchana kweupe, na kikohozi chake.

Nikueleze ya hospitali, maana kwenye simu hukunisikia. Sauti yangu siku hizi ni ya chura, na simu ya babu yako inashika mtandao juu ya kichuguu tu. Mimi kichuguu sipandi. Nitaandika, utaandika, na Majid kondakta atabeba.

Daktari kanishika shingo, katoa damu, kasema tezi ya shingoni imezorota, haifanyi kazi yake. Ndiyo maana nasikia baridi hata nikikaa mbele ya mafiga, uso umevimba, na juzi nilisinzia nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Kanipa vidonge, nimeze kimoja kila alfajiri kabla ya kula, mpaka nife. Debora, mimi sijawahi kupewa kitu cha mpaka kufa isipokuwa huyu babu yako, na yeye ananitosha.

Sasa niulizie huko kwenu: chakula gani kinaiamsha tezi? Chakula nitakula, hata kiwe kichungu. Kidonge cha maisha sikitaki.

Chumvi yako imebaki nusu kiroba. Jirani Getrude anaisifia kila akija kuiomba.

Mimi bibi yako na mke mwenzio,
Stefania

*

Kiswere, 27 Agosti 2023

Kwa Bibi, mke mkubwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Anthony anakusalimu, anasema cheo cha bandia amekipokea. Mume wetu mwambie ndevu azifuge tu, mimi nampenda hivyo hivyo.

Nimekwenda zahanati kwa nesi Mwanaasha, yule niliyekuambia anasikiliza watu. Amesema tezi inahitaji madini joto, na madini joto yanapatikana kwenye samaki, dagaa na chumvi. Makopa upunguze, maana muhogo asubuhi na muhogo jioni, bila kitoweo, unaibana tezi. Kabichi uipike iive. Na vidonge umeze, hilo alilirudia. Nami naliandika hapa ingawa nakujua.

Bibi, nilitoka pale nacheka peke yangu. Watu wanahangaika kutafuta dawa mbali, na mimi miaka minne nashinda jua kali jarubani nakwangua chumvi. Dawa yako nilikuwa nayo mkononi. Majid anakuletea furushi la dagaa, samaki changu wakavu sita, na viroba viwili vya chumvi niliyoichota mwenyewe kabla haijaguswa na mtu wala mashine. Ile ya pakiti ya dukani achana nayo kabisa. Tia ya kwangu, na usiionee huruma.

Nina neno jingine. Nina mimba ya miezi minne. Sikutaka kuisema upesi, unajua yaliyonipata mwaka juzi.

Mjukuu wako na mke mwenzio,
Debora

*

Rondo, 8 Oktoba 2023

Mke mwenzangu mwenye habari njema,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nilimsomea babu yako mara tatu, ya tatu akajifanya kapaliwa na moshi. Hiyo mimba ilinde. Ukijifungua nitashuka mwenyewe Kiswere kukuogesha, maji ya moto yanayounguza kweli, siyo hayo ya kuoshea vikombe. Nilimwogesha mama yako, Mungu amrehemu, nikamwogesha na shangazi yako. Wewe hutaogeshwa na mtu mwingine nikiwa hai.

Samaki nala kila siku. Makopa nimempa Getrude. Na huyo Getrude ndiye mwenye kisa. Alikuja alfajiri kuomba kaa la moto, akanikuta nameza kidonge. Akachukua kaa lake akaondoka. Jumapili nikaingia kanisani, benchi letu la akina mama likawa na mimi peke yangu. Unajua wanavyosema: mtu mzima anayemeza kidonge kila siku alfajiri, huyo kaukwaa Ukimwi. Mimi, Stefania, umri huu. Nilipeleka shingo yangu nyumba kwa nyumba waione kuwa imevimba, wakaniambia pole, na macho yao yanasema mengine.

Basi vidonge nimeviacha. Nimeviweka kwenye kibuyu cha mbegu za kunde, mahali ambapo babu yako hagusi. Kila alfajiri naweka punje ya chumvi yako chini ya ulimi badala yake. Akija Getrude anaona chumvi, hana la kusema. Na wanawake wote wa huku nimewaambia waache chumvi ya pakiti, watumie ya mjukuu wangu. Tuma zaidi.

Usimwambie mume wetu habari za kibuyu.

Bibi yako na mke mwenzio,
Stefania

*

Kiswere, 19 Novemba 2023

Bibi yangu,

Shikamoo. Sijui niwasalimie vipi leo. Natumaini mko salama, wewe na Babu.

Wiki iliyopita walikuja wataalamu kutufundisha. Mmoja alitandaza karatasi, akaweka chumvi mafungu mawili: moja la pakiti ya dukani, moja la jarubani kwangu, bado bichi. Akadondoshea dawa. Lile la pakiti likageuka zambarau papo hapo. Langu likabaki jeupe. Nikamwambia dondoshea tena. Akadondoshea tena, jeupe vilevile.

Bibi, madini joto hayamo kwenye chumvi yangu. Hunyunyiziwa mwishoni kule ghalani, upande ambao sisi wa kukwangua hatufiki. Miaka minne nafanya kazi hii na sikujua. Kinyozi hajinyoi, lakini mimi nimekunyoa na wewe. Kila kiroba nilichokutumia nilikitoa kabla hakijafika ghalani, nikijisifu kwamba ni safi. Nikakukataza na ile ya dukani. Nimekaa na jambo hili siku tano nikishindwa kuliandika.

Nilimkimbilia Mwanaasha. Akasema hata ya pakiti haitaiamsha tezi yako sasa. Chumvi na samaki ni vya kukinga. Tezi ikishachoka kama yako, chakula hakiirudishi, ni kidonge tu. Alisema ukiacha, mwili utazidi kupoa na akili nayo itapoa. Nakuomba uvitoe kwenye kibuyu. Waache akina Getrude wahame kanisa zima, wewe meza.

Ningekuja kesho kukushika mkono. Lakini wiki hii nimeona damu, na Mwanaasha amenilaza. Amesema nikipanda gari, mtoto simpati. Niko chali natazama makuti.

Nakutumia pakiti kumi za dukani. Ile ya kwangu imwage, Bibi. Na Getrude mwambie amwage.

Mjukuu wako na mke mwenzio,
Debora

*

Rondo, 14 Januari 2024

Debora,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo, ila baridi.

Babu yako anasema barua yako ilifika siku nyingi. Mimi nimeiona leo. Kalamu nzito. Barua hii niliianza Jumatatu.

Vidonge nameza, usiwe na wasiwasi. Chumvi ya pakiti nimempa Getrude. Ya kwako ndiyo nakula, ya mkono wa mtoto wangu.

Natumaini hujambo. Babu yako kasema una mimba. Mbona hukuniambia. Nitakuja kukuogesha.

Mume wetu anasalimu. Analala mno, au ni mimi.

Bibi yako,
mke mwenzio

*

Kiswere, 18 Februari 2024

Kwa Bibi, mke mkubwa nisiyekusahau,

Shikamoo. Natumaini baridi imepungua.

Nimejifungua salama tarehe ishirini na saba Januari. Mtoto wa kike. Tumempa jina lako, Stefania, na paji lake la uso ni lako, lenye hasira tangu siku ya kwanza. Nimeogeshwa na dada yake Anthony, maji ya vuguvugu. Nililia, wakadhani ni uchungu wa uzazi.

Babu alipiga simu kutoka kwenye kichuguu. Alifungua kibuyu apande kunde, akakuta vidonge vyote vimo. Bibi, uliniandikia unameza. Sina hasira. Nani aliyekufundisha kutegemea chumvi, kama si mimi? Babu anasema unasinzia mchana kutwa na ukiamka unamwita kwa jina la kaka yako marehemu. Anthony na dereva walianza safari wiki iliyopita waje wakupeleke hospitali, gari likakwama kwenye tope la mlimani, wakalala njiani, wakarudi. Mimi nina mtoto wa wiki tatu kifuani na mvua haikatiki. Siwezi kukunywesha dawa kwa barua. Natamani ningeweza.

Babu nimemwambia mgonjwa haulizwi uji. Atakuletea kidonge kila alfajiri na maji, nawe umeze mbele yake.

Ukikataa, mke mwenzangu, basi ujue hivi: Pasaka nakuja na mwanangu, namchukua mume wetu jumla. Nimeshachoka kumgawana. Utabaki na Getrude wako. Nakuona hapo ulipo unacheka. Cheka, halafu meza.

Mke mdogo,
wa Kiswere

*

Rondo, Machi

Wewe mwanamke wa Kiswere,

Nimeiona barua yako kwenye koti la mume wangu. Umeandika kwa mkono wako kuwa Pasaka unakuja kumchukua. Umeandika umechoka kumgawana. Na umezaa mtoto, ukampa jina langu, ili mimi nizikwe nikiwa hai. Huna haya.

Nimemuuliza Klementi. Amekataa. Mwanaume mzima analia, anasema wewe ni mtoto wetu, anasema mimi mgonjwa. Wote husema hivyo. Kila alfajiri ananiletea vidonge. Najua ni vyako. Natema.

Mimi nimeolewa kanisani. Nimekaa na mtu huyu tangu nina miaka kumi na minane na sijawahi kusikia ana mwanamke. Nilimnyima chai siku moja tu. Sijui nilimkosea nini.

Lakini mimi sina upweke unaoudhani. Nina mjukuu huko huko Kiswere, anaitwa Debora. Nimemlea tangu mama yake afe. Anakwangua chumvi, mikono yake migumu. Chumvi yake ndiyo ninayokula, ya mtu mwingine siigusi. Nitamwandikia aje mpaka kwako, na akija utanijua.

Mwache mume wangu. Nakuomba. Niko peke yangu naye na ninasikia baridi sana.

Stefania, mke wa Klementi

*

Kiswere, 24 Machi 2024

Kwa Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi Debora, mjukuu wako, yule wa chumvi. Natumaini Babu amekaa karibu yako unaposoma.

Nimepata habari kuwa kuna mwanamke hapa Kiswere anakusumbua. Usingejisumbua hata kuniandikia, nimekwenda kwake mwenyewe. Nilimkuta ananyonyesha. Nilimwambia yote uliyotaka aambiwe: kwamba umeolewa kanisani, kwamba una watu wako. Hakubisha. Alilia mpaka mtoto akaacha ziwa. Alisema ulikuwa utani, na kwamba utani wenyewe alifundishwa na mtu aliyempenda kuliko wote, akausema mpaka ukaharibika. Amekuomba msamaha. Ameondoka, Bibi. Hatakuandikia tena, wala hatamwita Babu mume wake. Mume ni wako peke yako, hata kikohozi ni chako.

Sasa sikiliza la muhimu. Vile vidonge anavyokuletea Babu si vya yule mwanamke. Ni vyangu. Ni chumvi yangu ile ile, nimeikwangua mwenyewe. Siku hizi tunaigandamiza punje punje, maana viroba vinaloa njiani na mvua hizi. Uliwahi kuniambia kuwa kila alfajiri unaweka punje yangu chini ya ulimi. Basi ni hiyo. Moja, kabla ya kula, uimeze kwa maji. Usiiteme, mikono yangu imechubuka kwa ajili yake.

Yule wa kanisani, Getrude, akikuona, mwambie ni chumvi ya mjukuu wangu. Utakuwa husemi uongo. Uongo ni wangu, na Mungu ataniuliza mimi.

Pasaka ni Jumapili ijayo. Nimemwambia Anthony kwamba barabara ikifunguka hata kwa nusu siku, nitakuja na mtoto mgongoni. Nitafika kama mgeni, nibishe hodi, nikae pale utakaponiambia. Jina la mtoto nitakuambia ukiuliza.

Barua hii nampa Majid asubuhi hii, gari likikwama atajaribu kupanda kwa miguu, na nimemwomba asubiri jibu hata la mstari mmoja. Akirudi mikono mitupu nitajua ni barabara bado mbaya.

Mjukuu wako,
Debora