Siku Mama Majeruhi Alipoanguka Kweli

Chumba cha cherehani,
Mkabala na zahanati.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zetu wote. U mzima huko? Baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Sisi tunashukuru, tunapumua. Shemeji yako kikohozi kimemwachia, ila anaendelea kukitaja ili nisimtume dukani. Mpwa wako wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa akijaribu kusema “mjomba” unatoka upepo mtupu. Goti langu ni lile lile. Cherehani naikanyaga kwa mguu mmoja.

Nakuandikia kwa sababu simu nimejaribu mara tatu. Kila nikilifikia neno lenyewe nakata simu, nawe unadhani mtandao umekatika. Karatasi itanivumilia. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Ulipoondoka, klabu ya vijana ilikuwa mpira wa wavu tu. Miaka miwili iliyopita Sista wa zahanati akaanzisha kundi la huduma ya kwanza, maana hospitali ya wilaya iko mbali na gari la wagonjwa huja likijisikia. Wakajiandikisha vijana kumi na watano. Shida ikawa mgonjwa. Ukimlaza kijana kwenye machela anacheka, ukimfunga bendeji tumboni anatekenyeka. Mama naye, tangu astaafu upishi wa shule, hakuwa na la kufanya Jumamosi ila kunikosoa mishono. Akaenda akajilaza yeye.

Ungemwona! Alivunjika miguu, akaumwa na nyoka, akazama, akaungua, na kila ugonjwa aliuugua kwa bidii. Vijana wakampa jina la Mama Majeruhi, likamkaa hadi sokoni. Kuna siku walimfunga mguu usio wenyewe, akawaambia uliovunjika ni mmoja tu, wa pili wamwachie Mungu. Kwenye mashindano ya wilaya walitoka wa pili, akarudi amenuna, anasema yeye alizimia vizuri, waliomzindua ndio walioteleza.

Kiongozi wao ni binti wa fundi baiskeli, ana miaka kumi na saba. Wenzake humwita Bendeji kwa wepesi wa vidole vyake. Mama alimpenda sana. Alikuwa akisema huyo ndiye mjukuu aliyemchagua mwenyewe, hawa wangu alipewa tu.

Sasa nije kwenye Jumamosi ile ya Machi. Wewe uliambiwa kwamba Mama alianguka klabuni akafia zahanati. Ni kweli, lakini ni kweli niliyoipunguza kwa mkasi.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Zoezi la siku hiyo lilikuwa mkono uliovunjika. Mama alikaa kwenye benchi akingoja zamu yake, nami nilikuwa pembeni napinda leso za kufungia mikono. Sista alikuwa ametoka kidogo kwenda kuchukua mabanzi, vile vibao vya kunyooshea mfupa. Mama akainama upande mmoja, taratibu, akateleza hadi sakafuni. Vijana wakapiga makofi. Mmoja akasema leo ameanza mapema. Mwingine akabonyeza saa ya kuhesabia dakika.

Na mimi nikacheka, Kitinda. Nilicheka kwa sauti. Nikamwambia, “Mama, ngoja kwanza upangiwe ugonjwa.” Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kutoka kwangu, kama aliyasikia.

Bendeji akapiga magoti, akamwita, akampa kidole akibane kama walivyofundishwa. Mdomo wa Mama ulikuwa umekwenda upande. Tukadhani ni ufundi wake. Wakamfunga mkono, na wakaufunga vizuri kuliko siku zote. Zilipita dakika nne, labda tano. Kisha Bendeji akaweka shavu karibu na pua yake, akatulia hapo, akainuka.

“Huyu haigizi,” alisema.

Tangu hapo hakuna aliyekosea. Walimlaza ubavu, wakampandisha kwenye machela, wakakimbia naye wanne, hatua zao zikienda pamoja, hadi zahanati. Mimi, binti yake wa kumzaa, nilibaki nimesimama na sindano mkononi. Daktari aliandika baadaye kwamba ni mshipa wa kichwani uliopasuka, na Sista ameniapia kuwa zile dakika tano zisingebadilisha kitu. Mama alifariki saa nane mchana, gari la wagonjwa likiwa bado njiani.

Ukakosa nauli na ruhusa ya kuja kuzika, ukamtumia Mjomba ujumbe wa sauti. Sikulaumu. Uchungu hauna adabu, na uchungu wa mbali ni mbaya zaidi. Lakini Mjomba, kwa sababu ya sikio lake bovu, aliufungua uani siku ya matanga kwa sauti ya juu kabisa, kila mtu akakusikia unauliza: “Kwa hiyo mama yetu alikuwa anakufa, hao watoto wanamchezea?”

Bendeji alikuwa kwenye beseni la vyombo. Alikuwa akituoshea sahani tangu alfajiri. Aliiweka ile aliyoshika, akafuta mikono kwenye gauni lake, akatoka. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka alipokuwa. Nilijua nani alicheka. Nikanyamaza.

Hajakanyaga klabuni tena. Wazazi wawili wakaja kuwaondoa watoto wao, na wengine wakapungua wenyewe. Jumamosi iliyopita walikuwa sita, wanakunja na kukunjua bendeji zile zile, hakuna anayekubali kulala kwenye machela.

Jumatano nikajikaza, nikaenda kwa fundi baiskeli. Nilimkuta binti peke yake, anaziba pancha. Nikakaa kwenye tairi na kumweleza yote: kwamba nilikuwa mle ndani, kwamba nilicheka kwa sauti, kwamba miezi mitatu nimemwacha abebe mzigo wa mtu mzima. Hakunitazama. Alimaliza kupaka gundi, akaipuliza.

“Anti,” akasema, “nilimwambia anibane kidole, hakunibana. Nikajisemea, leo Mama anaigiza vizuri kweli.”

Nilimshika mkono wenye gundi, tukakaa hivyo hadi baba yake aliporudi. Nilipoinuka aliniuliza jambo moja tu, kama mjomba wa kule mbali bado anasema vile. Nikamwambia nitakuandikia.

Jana alikuja hadi mlangoni pa klabu. Hakuingia. Alisimama akiwatazama wenzake, mmoja akawa anafunga bendeji ikilegea, nikaona vidole vyake vinacheza tu ubavuni. Kisha akaenda zake.

Mdogo wangu, hasira yako ilipaswa kunifikia mimi, nami niko tayari kuipokea. Ila yule mtoto mwandikie. Maneno yasiwe marefu, wala usimfundishe dini. Mwambie tu kwamba unajua walimkimbiza mama yako kwa nguvu zao zote. Barua ipitie kwangu. Nitampelekea ikiwa imefungwa. Mimi nimekwisha kumwambia langu. Umebaki wewe.

Mjomba anakusalimu, na hajui kabisa alichofanya, usimwambie. Shemeji yako anakusalimu, Sista pia. Wapwa zako wanauliza utakuja na nini, nimewajibu uje kwanza.

Mungu akutunze huko uliko, akupe usingizi, na akulainishie kalamu.

Ni mimi nikupendaye, kucheka kwangu na yote,
Dada yako.