Ndoano ya Mbuta Ziwani Jipe

Voi, Jumapili

Mjukuu wangu Akoth,

Natumaini baridi ya Nyeri inakuhurumia. Huku tumepumua: nyanya yako ametolewa bandeji jichoni. Aliponitazama akasema, "Kumbe umezeeka hivi!" Tulicheka hadi machozi.

Umeniuliza uanze na fimbo gani ya kuvulia trauti, hao samaki wa mito ya baridi, kwa ndoano iliyofungwa manyoya kama mdudu, maana mwenye duka anakusukumia ile nene. Mimi pia nilianza na nene, ila yangu ilikuwa ndoano.

Nilipoletwa huku na kazi ya reli, nilikwenda Taveta kumposa nyanya yako, nikajigamba kwa baba yake kwamba mtu wa Ziwa Viktoria hafundishwi kuvua. Akasema, "Basi tuletee samaki wa chakula cha mchana, ndipo tuzungumze." Nikaenda Ziwa Jipe na ndoano ya mbuta wetu, samaki mzito kama mbuzi. Samaki wa Jipe hawazidi kiganja. Walidonoa chambo pembeni wakaniacha. Jua likapanda. Mama mmoja aliyevua karibu nami akauliza, "Kijana, uliwaangalia samaki kwanza?" Akanipa ndoano yake, ndogo kama punje ya mchele. Samaki wa kwanza akanasa, nikaendelea hadi wakatosha chakula cha mchana. Nyanya yako nikampata.

Kwa hiyo nenda mtoni kwanza, uone trauti wa huko wana ukubwa gani. Nadhani utarudi dukani kuchukua fimbo nyepesi, na mshipi mwepesi unaoendana nayo.

Ile ndoano yangu kubwa unaijua. Ndiyo uliyokuwa ukitundikia begi la shule hapa mlangoni. Haijawahi kushika kitu kingine.

Babu yako