Kompyuta ya Marehemu Geon-ho Inachemka, na Mimi Sitaki Inyamaze

Mpendwa dada Pyo, naomba unisaidie na usinicheke kwanza, maana nasikia kabla ya kuandika safu hii ulikuwa na ukumbi wa michezo ya kompyuta pale Daegu kwa miaka kumi na minane, kwa hiyo nikikuambia prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inafika nyuzi tisini na saba utanielewa kuliko mchungaji wangu.

Mwanangu Geon-ho alikuwa wa pekee, miaka ishirini na sita, hajaoa, alikuwa anapeleka vyakula kwa pikipiki, na Januari mwaka jana akateleza kwenye barafu, akalala pale barabarani saa nzima kwenye baridi ile kabla hajaonekana. Kompyuta yake aliiunda mwenyewe, ikiwaka nyumba nzima inajua, nami nilikuwa nampigia kelele, "Wee, hiyo ni kompyuta au helikopta? Baba yako anasikiliza habari!" naye ananijibu, "Mama nawe, vumilia tu, nitaibadilishia kipoza joto," akawa hajaibadilishia mpaka akaondoka.

Sasa nimejifunza kuingia kwenye mchezo wake, ana kibanda chake kando ya mto, na wenzake wa timu wananiita mama, wamenifundisha hata kuvua samaki, na Alhamisi ijayo, siku yake ya kuzaliwa, wote watakusanyika pale kibandani saa sita mchana wakae nami. Tatizo ni kwamba nikicheza dakika ishirini feni inaanza kunguruma, picha inakokota miguu, ile namba ya joto aliyoiweka Geon-ho pembeni ya kioo inapanda mpaka tisini na saba, halafu kompyuta inazima yenyewe.

Nilimwita fundi Guk wa jirani, akasema ifungwe kipoza joto kikubwa cha kisasa, "Mama, hutasikia hata pumzi yake," ndipo nikamwambia nitafikiri, nikamtoa mlangoni, maana huo mngurumo ndio kitu pekee nyumbani kinachonifanya nihisi mtoto wangu yumo chumbani kwake, na mume wangu ananiambia, "Mama Geon-ho, mwache mtoto apumzike," nami siwezi.

Kuna jambo jingine ambalo fundi sikumwambia. Unajua kwetu mtoto asiyeoa akiwatangulia wazazi haandaliwi ile meza ya kumbukumbu yenye chakula cha marehemu, kwa hiyo sikuwa na pa kumweka, basi niliitoa kompyuta mezani nikaishusha sakafuni, maana sakafu zetu hupashwa moto kwa chini, nikaiweka pale penye moto zaidi, tunapomkalisha babu au mgeni wa heshima, na nikaifunika koti lake la kazi. Fundi alipokuja niliirudisha mezani kwa aibu, alipoondoka nikaishusha tena. Nibadilishe kipoza joto au nisibadilishe? Alhamisi isizime, dada, nakuomba.

Mama Geon-ho, Andong

*

Mama Geon-ho, mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi, ndipo nikarudi. Pole. Pole sana. Sasa nisikilize, kwa sababu nitakugombeza.

Hivi wewe ungempeleka mtoto kwa daktari, ukamficha daktari kwamba unamlaza juu ya jiko na blanketi juu? Fundi wa watu umemdanganya, naye akakupa jibu la ugonjwa ambao labda haupo. Kompyuta inavuta hewa ya baridi na kutoa ya moto. Wewe chini umeiwashia sakafu, juu umeiziba kwa koti. Unaipika, mdogo wangu. Najua unamtoa mwanao kwenye barafu. Lakini hayumo humo, na hasikii baridi tena.

Leo hii toa koti. Kizime chombo, chomoa waya, mwite Guk umwambie ukweli wote, akipulize vumbi na abadilishe ile dawa ya kijivu inayopakwa juu ya prosesa, maana ikikauka haifanyi kazi. Yale aliyoyapenda Geon-ho, picha zake na za kibanda chake, akunakilie kwenye diski nyingine, kwa sababu hayakai kwenye prosesa na hayana haja ya kukutia hofu. Halafu cheza nusu saa huku ukiangalia namba. Ikibaki kwenye sabini au themanini, usinunue chochote hata Guk akuimbie. Ikipita tisini tena, picha ikakokota, hapo kweli kipoza joto kimeshindwa, na kibadilishwe kabla ya Alhamisi bila mjadala.

Kuhusu kelele: zitapungua, hata ukisafisha tu, na siku ya kwanza utalia, sikufichi. Lakini huo mngurumo ulikuwa chombo kinaomba msaada, na Geon-ho mwenyewe alitaka kuunyamazisha, alikuambia kwa mdomo wake. Utakuwa unammalizia kazi yake. Feni ya zamani ikitolewa usiitupe, ifunge ndani ya koti uiweke kabatini.

Na usiirudishe sakafuni, hata kidogo. Chukua ile meza fupi ya kulia chakula, iweke chumbani kwake, kompyuta ikae juu yake ipate hewa pande zote. Alhamisi pika supu ya mwani kama ulivyompikia kila siku yake ya kuzaliwa, bakuli lake uliweke mezani hapohapo, mbali kidogo lisije likamwagikia waya. Ndugu wakikuuliza tangu lini mtoto aliyewatangulia wazazi anaandaliwa meza, waambie huko ni kupoza prosesa, na aliyekuagiza ni mimi.

Dada yako Pyo