Jiko Bila Moshi

Jumatatu, 4 Machi 1996
Magoti yamekataa tena. Nimejichua mafuta, nikashika ukuta mpaka jikoni. Kuinamia mafiga siwezi. Ayuma, mke wa mwanangu Makokha, amesema nikae tu, atanipikia. Mtoto mzuri. Nimekaa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekaa. Wenzangu wamepita na majembe wakienda kupanda. Nimewasalimia kwa kicheko, halafu nikaingia ndani haraka. Sijui nilikuwa naficha nini.

Jumatatu, 11 Machi
Usingizi hakuna. Sasa kiuno nacho kimeanza. Ayuma huleta obusuma, ugali wetu, na mboga, amefunika vizuri. Haishuki. Akijua atafikiri namdharau, kwa hivyo chakula nampatianga kuku wangu kwa siri. Kuku ananenepa. Mimi nguo zinanipwaya.

Ijumaa, 15 Machi
Nilijaribu kuwasha moto mwenyewe. Kuchuchumaa niliweza, kuinuka hapana. Nikaanguka, mkono ukaungua. Kidogo tu. Makokha amekuja na jembe, ameng'oa mafiga yote matatu, akayatupa nyuma ya nyumba. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 17 Machi
Kanisani sikuenda. Nimeshinda nikitazama yale mashimo matatu. Nimetamani kulala nisiamke. Naandika kwa sababu ni kweli. Nimejiogopa.

Jumatano, 20 Machi
Makokha amenipeleka kliniki kwa baiskeli, nimefungwa nyuma na leso kama mzigo. Daktari amepapasa magoti. Halafu akauliza kama nalala. Kama nakula. Nashinda nikifanya nini. Hilo la mwisho limeniliza mbele ya mtoto wangu. Nikasema yote, hata ya Jumapili. Daktari amesema magoti yakiuma moyo huchoka, na moyo ukichoka magoti huuma zaidi, atatibu vyote viwili. Nimepewa vidonge na siku ya kurudi. Njiani nikamwambia:
"Makokha, nyumba bila moshi ni ya marehemu. Mimi bado niko."
Amesukuma baiskeli mpaka nyumbani.

Jumamosi, 23 Machi
Siku mbili Makokha amekanyaga udongo. Jiko limeinuka hadi kiunoni mwangu, Ayuma alinipima kwa mwiko. Juu yake mafiga ni yale yale, wameyaokota kule nyuma. Udongo bado mbichi lakini moto umeshika. Nimesonga obusuma nikiwa nimesimama, nimeegemea ukuta. Imetoka madonge madonge. Ayuma amesema kwa kicheko leo ni ya kutafuna. Wamekula yote.

Magoti yanauma. Nimemaliza sahani yangu.

Kuku amekuja mlangoni, akangoja. Leo hana kitu.